UZI: Kumkataa mfalme ilikuwa nusu ya kazi. Jinsi makoloni 13 ya Amerika yalivyokaribia kusambaratika baada ya kushinda vita

Mleta uzi

Wakuu, heshima kwenu.

Kila Julai 4 ikifika mitandao inajaa bendera na fataki za Marekani, na simulizi ni ileile: chai ikamwagwa baharini, Azimio la Uhuru likaandikwa, Washington akapigana, taifa likazaliwa. Simulizi hiyo inaruka miaka ambayo mimi naiona ndiyo mizito kuliko yote, ile kati ya 1781, Waingereza waliposalimu amri Yorktown, na 1789, serikali mpya ilipoanza kazi. Miaka minane walikuwa wameshinda vita na hawana dola. Askari hawajalipwa, hazina haina kitu, majimbo yanabaniana ushuru, na maofisa wa jeshi wanajadiliana kama waigeukie serikali yao wenyewe. Nataka tukae hapo. Ila kwanza turudi nyuma kidogo ili twende sawa.

Chanzo ni deni. Mwaka 1763 Uingereza ilimaliza Vita vya Miaka Saba ikiwa mshindi. Ilikuwa imewatoa Wafaransa Canada, lakini deni lake lilikuwa limepita pauni milioni 120. London ikaona makoloni ya Amerika, yaliyolindwa na jeshi lake, nayo yachangie. Kwa upande wao hoja ilikuwa na mantiki. Shida ni kwamba makoloni yale yalikuwa na mabaraza ya kuchaguliwa tangu enzi za mababu, Virginia tangu 1619, na kodi za ndani zilipitishwa na mabaraza hayo. Mwaka 1765 Bunge la London, lisilo na mjumbe hata mmoja kutoka Amerika, likapitisha Sheria ya Stempu: hati za mahakama, leseni, magazeti, mpaka karata za kuchezea, vyote vibandikwe stempu ya kulipia. Walioumia kwanza wakawa mawakili, wafanyabiashara na wachapishaji wa magazeti, watu wenye uwezo mkubwa kuliko wote wa kupiga kelele. Wauza stempu walitishwa wakajiuzulu mmoja baada ya mwingine, na Novemba 1, siku ya sheria kuanza, sehemu nyingi hapakuwa na wa kuiuza.

Sheria ikafutwa Machi 1766. Lakini siku hiyohiyo Bunge likapitisha nyingine, ikitamka kwamba lina mamlaka ya kuyatungia makoloni sheria katika kila jambo. Tangu hapo ugomvi ukawa wa nani mwenye kauli, pesa ikabaki kisingizio.

Ndiyo maana suala la chai huwa linaelezwa kombo. Sheria ya Chai ya 1773 ilishusha bei ya chai. Kampuni ya East India ilikuwa hoi kifedha na shehena imelala maghalani, ikaruhusiwa kuuza moja kwa moja Amerika kwa bei nafuu, ila kodi ndogo ya peni tatu kwa ratili iliyokuwepo tayari ikabaki. Watu wa Boston waliona mtego: ukinunua chai ya bei poa umekubali kwamba London ina haki ya kukutoza. Usiku wa Desemba 16, 1773 wakapanda meli tatu wakatosa baharini makasha 342.

London ikajibu kwa kufunga bandari ya Boston na kulinyang'anya jimbo la Massachusetts mamlaka yake. Mikutano ya vijiji, iliyoamua kila kitu kuanzia barabara hadi mishahara ya walimu, ikapunguzwa kuwa mmoja kwa mwaka, na zaidi ya hapo upate kibali cha gavana.

Hapa naomba mtulie. Septemba 6, 1774, katika mji wa Worcester, mgambo zaidi ya 4,000 kutoka vijiji vya jirani walijipanga pande zote mbili za barabara kuu. Majaji na maofisa wa mahakama ya mfalme wakaamriwa kupita katikati yao kwa miguu, kofia mkononi, kila hatua kadhaa wasimame na kusoma tena kwa sauti tamko la kujiuzulu ili walioko mbali nao wasikie. Hakuna risasi iliyopigwa. Huu ni mwaka 1774, miezi saba kabla ya mapigano ya Lexington na karibu miaka miwili kabla ya Azimio la Uhuru. Vijijini Massachusetts utawala wa mfalme ulikuwa umeshakwisha. Ukumbukeni mji huu, tutarudi.

Naendelea chini.

Mchangiaji

Mkuu umeanza vizuri. Nina swali moja kabla hujaendelea. Wafaransa waliingiaje hapo? Nasikia bila wao Washington asingetoboa.

Mleta uzi

Mkuu, umesikia sawa. Mwanzoni Ufaransa ilipitisha silaha na baruti kwa siri, kisogoni mwa Waingereza. Oktoba 1777 Wamarekani walipoliteka jeshi zima la Waingereza Saratoga, mfalme wa Ufaransa akaona hawa watu si wa kubahatisha, na Februari 1778 ukasainiwa mkataba wa ushirika. Alikuwa mfalme asiye na mapenzi yoyote na jamhuri. Alitaka kisasi cha 1763.

Hesabu ya mwisho ilipigwa Yorktown, Virginia, 1781. Cornwallis, jenerali wa Uingereza, alikuwa na askari zaidi ya 7,000 kwenye rasi, akitegemea jeshi la majini la Uingereza lije limchukue. Septemba 5 meli za Ufaransa chini ya amiri de Grasse zikazifukuza meli za Waingereza kwenye mdomo wa ghuba ya Chesapeake. Kwa nchi kavu walikuwapo Washington na Rochambeau, jenerali wa Kifaransa. Njia zote zikawa zimezibwa, na Oktoba 19 Cornwallis akasalimu amri. Ufaransa ililipia ushindi huo kwa madeni ambayo yalichangia kumwangusha mfalme wake mwenyewe kuanzia 1789.

Kuhusu vita yenyewe sitakaa sana. Nitataja jambo moja tu linalosahaulika: maradhi yaliua wengi kuliko risasi. Kambi ya Valley Forge, majira ya baridi ya 1777 na 1778, ilipoteza watu wapatao 2,000 kwa homa na kuhara bila kupigana. Na Washington alichukua uamuzi mgumu mwaka 1777 wa kuwachanja askari wake ndui, kwa njia ya zamani ya kumwambukiza mtu kidogo makusudi. Adui angejua siku ambayo maelfu wamelala na homa ya chanjo, ingekuwa habari nyingine.

Sasa tuje kwenye kiini.

Wakati wa vita makoloni yaliunganishwa na makubaliano yaliyoitwa Mkataba wa Shirikisho, uliokamilika Machi 1781 baada ya Maryland kusaini ya mwisho. Kila jimbo kura moja. Kongresi, baraza la wajumbe wa majimbo yote, ikaruhusiwa kupigana vita, kukopa na kutuma mabalozi, lakini hakuna kutoza kodi hata senti. Ikitaka pesa inayaandikia majimbo barua ya kuyaomba. Kubadilisha chochote kulihitaji majimbo yote 13 yakubali. Ukiangalia walikotoka utawaelewa. Walikuwa wametoka kupigana na mamlaka ya mbali inayotoza kodi, wasingeunda nyingine mwaka huohuo.

Matokeo yalikuja haraka. Pesa ya karatasi iliyochapwa na Kongresi, zaidi ya dola milioni 200, ilikuwa imekufa thamani kabisa. Ikapendekezwa ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa za nje ili walau riba ya madeni ilipwe. Rhode Island, jimbo dogo kuliko yote, ikakataa mwaka 1782, na suala zima likafa.

Machi 1783 jeshi lilikuwa limepiga kambi Newburgh, New York, likisubiri mkataba wa amani. Maofisa waliahidiwa nusu mshahara wa maisha tangu 1780, na hata mshahara wa kawaida hawakuwa wameupata. Ukazunguka waraka usio na jina la mwandishi ukiwahimiza wasiweke silaha chini mpaka walipwe. Kukaitishwa mkutano. Washington hakutarajiwa, lakini Machi 15 aliingia ukumbini akasoma hotuba aliyoiandika, akiwasihi wasichafue walichokipigania. Hotuba haikuwalainisha. Akatoa barua ya mjumbe mmoja wa Kongresi ili awasomee. Akaanza, akakwama kwenye mistari ya kwanza. Akapapasa mfukoni akatoa miwani. Wengi hawakuwahi kumwona akiivaa. Akawaomba radhi, akasema amepata mvi akiwatumikia, na sasa anaona macho nayo yanakwenda. Walioshuhudia waliandika kwamba wanaume wale walilia. Alipotoka, wakapiga kura ya kuitii Kongresi.

Mimi nikisoma tukio hili naona jinsi jamhuri ile ilivyoning'inia kwenye uzi mwembamba. Katiba hawakuwa nayo, mahakama ya juu haikuwepo, na kilichowazuia maofisa siku ile kilikuwa heshima yao kwa mtu mmoja, na mtu huyo aliamua kutoitumia kujinufaisha. Desemba 23 mwaka huohuo alikwenda Annapolis, akasimama mbele ya Kongresi na kurudisha hati yake ya uamiri jeshi, akaenda zake shambani. Jenerali mshindi mwenye jeshi lenye hasira nyuma yake anarudisha madaraka kwa kikao cha watu wachache wasio na pesa. Nchi ngapi zimempata wa namna hiyo?

Na msidhani kikao hicho kilikuwa na nguvu. Juni ya mwaka huo askari mia kadhaa wasiolipwa walilizingira jengo la Kongresi Philadelphia. Serikali ya Pennsylvania ilipoombwa itoe mgambo ikasita, na wajumbe wakakimbilia Princeton.

Mchangiaji mwingine

Shukrani mkuu, somo zuri. Lakini mbona kama unawasifia sana? Hao waliosema watu wote wameumbwa sawa ndio haohao waliomiliki watumwa. Washington, Jefferson, Madison. Usituache hapo.

Mleta uzi

Mkuu, siwaachi, na naliweka hapa kwa sababu ndipo linapouma. Mwaka 1776 koloni zote zilikuwa na watu kama milioni 2.5, na mmoja katika kila watano alikuwa mtumwa. Rasimu ya Azimio la Uhuru aliyoiandika Jefferson ilikuwa na kifungu cha kumlaumu mfalme kwa biashara ya watumwa, Kongresi ikakiondoa. Jefferson mwenyewe aliendelea kumiliki watu mamia maishani mwake.

Weusi nao walikuwa na hesabu zao. Novemba 1775 gavana wa mfalme Virginia, Lord Dunmore, alitangaza kwamba mtumwa wa muasi atakayejiunga na jeshi la mfalme ni huru. Naye alikuwa mmiliki wa watumwa, alichotaka ni kuwadhoofisha waasi. Hata hivyo maelfu walitoroka. Upande wa pili, Weusi wapatao 5,000 walipigania Marekani.

Mmoja wa waliotoroka anaitwa Harry Washington. Alizaliwa Afrika Magharibi, maeneo ya mto Gambia, akauzwa ng'ambo, na George Washington akamnunua. Alifanya kazi kwenye mazizi ya farasi ya Mount Vernon. Mwaka 1776 akatoroka kwenda kwa Waingereza. Vita vilipokwisha 1783, Washington akidai watumwa warudishwe, kamanda wa Uingereza New York alikataa, na Weusi wapatao 3,000 wakaorodheshwa majina na kusafirishwa Nova Scotia, leo sehemu ya Canada. Harry yumo kwenye orodha. Huko walipewa ardhi mbovu na wakabaguliwa, na mwaka 1792 karibu 1,200 kati yao wakapanda meli kwenda Sierra Leone, wakaanzisha Freetown. Kampuni iliyotawala pale ikawatoza kodi ya ardhi ambayo wao walisema waliahidiwa bure. Mwaka 1800 wakaasi, Harry akiwa miongoni mwao. Uasi ukazimwa na yeye akafukuzwa kwenye koloni. Bwana wake wa zamani alikuwa amefariki Desemba 1799, miezi michache tu kabla. Wote wawili walisimama dhidi ya mamlaka ya Kiingereza kwa ajili ya kodi wasiyoikubali, na mmoja ndiye anayejulikana.

Kuna pia Elizabeth Freeman wa Massachusetts. Alikuwa mtumwa, akasikia maneno ya katiba mpya ya jimbo ya 1780 kwamba watu wote huzaliwa huru na sawa, akamtafuta wakili. Mwaka 1781 mahakama ya Great Barrington ikampa uhuru wake. Kesi yake na nyingine zilizofuata ziliung'oa utumwa katika jimbo lile, na sensa ya 1790 haikuandika mtumwa hata mmoja Massachusetts. Kwa nchi nzima sensa hiyohiyo iliandika karibu 700,000.

Turudi Worcester.

Baada ya vita Massachusetts ilitaka kulipa madeni yake upesi, ikaweka kodi nzito na kutaka ilipwe kwa sarafu za fedha. Mkulima wa magharibi mwa jimbo hakuwa na sarafu. Alikuwa na ng'ombe, ngano na vocha za jeshi zisizolipika. Mahakama zikaanza kunadi mashamba na kufunga watu jela kwa madeni. Septemba 1786 wakulima wenye silaha wakaifunga mahakama ya Worcester, mji uleule, kwa njia ileile waliyoijua tangu 1774. Jaji aliyekuta singe zimemwelekea mlangoni alikuwa Artemas Ward, aliyewahi kuwa jenerali wa kwanza wa mgambo wa Massachusetts vita vilipoanza 1775. Aliwahutubia kwa muda mrefu, hawakumpisha.

Jina lililobaki kwenye uasi huo ni la Daniel Shays, kapteni wa zamani aliyepigana Bunker Hill na Saratoga. Upanga aliozawadiwa na Lafayette, jenerali Mfaransa aliyepigana upande wa Wamarekani, aliuuza kwa sababu ya njaa ya pesa. Januari 25, 1787 yeye na watu wake walijaribu kuliteka ghala la silaha la Springfield. Mgambo wa serikali ukawafyatulia mizinga, wanne wakafa, wengine wakatawanyika kwenye theluji. Kongresi ilikuwa haina jeshi la kutuma wala pesa za kuliunda. Jeshi lililowafukuza lililipwa na matajiri wa Boston kutoka mifukoni mwao.

Mimi siwaoni wakulima wale kama wahuni. Walidai kilekile walichofundishwa kudai. Lakini naelewa pia kwa nini matajiri na wakuu wa majimbo walishikwa na woga. Miezi minne baadaye walikuwa Philadelphia.

Wajumbe 55 kutoka majimbo 12 (Rhode Island iligoma) walikaa kuanzia Mei 25 hadi Septemba 17, 1787. Walitumwa kurekebisha Mkataba wa Shirikisho. Ndani ya siku chache wakauweka kando na kuanza upya, jambo ambalo hawakupewa kibali cha kulifanya. Walinzi mlangoni, madirisha yamefungwa kiangazi, mtu asitoe siri. Madison, mjumbe wa Virginia, alikaa mbele akiandika kila kitu.

Ugomvi mkubwa ulikuwa kati ya majimbo makubwa na madogo. Virginia ilitaka uwakilishi kwa idadi ya watu, New Jersey ikataka kila jimbo sawa. Julai 16 wakagawana: bunge moja kwa idadi ya watu, na seneti majimbo yote sawa. Siku ilipopendekezwa kuwe na rais mmoja, ukumbi ulinyamaza kwa muda. Washington alikuwa ameketi humohumo, na kila mtu alijua nani atakuwa wa kwanza.

Na muungano huo ulinunuliwa kwa migongo ya watumwa. Majimbo ya kusini yakaruhusiwa kuhesabu watumwa kwa tatu ya tano ili kujiongezea viti, biashara ya kuwaleta ikalindwa mpaka 1808, na mtumwa akitorokea jimbo lingine lazima arudishwe. Georgia na South Carolina zilisema bila hayo hazimo. Wengine wakakubali.

Mchangiaji

Mkuu hapo Katiba ilipitaje sasa kama mkataba wa zamani ulitaka majimbo yote 13? Na wale askari, walilipwa hatimaye?

Mleta uzi

Ilipitaje? Walijiandikia kanuni yao: majimbo tisa yakikubali, inaanza. Na hawakuipeleka kwa mabunge ya majimbo, waliipeleka kwa mikutano maalumu iliyochaguliwa na wapiga kura kwa kazi hiyo tu. Mabishano yalikuwa makali, magazetini na kwenye vilabu vya pombe. Massachusetts ilipita kwa 187 dhidi ya 168, Virginia 89 dhidi ya 79, New York 30 dhidi ya 27. Waliopinga hawakuwa wajinga. Walisema rais ana nguvu kama mfalme, na haki za raia hazikuandikwa popote. Bila shinikizo lao zisingekuwepo zile nyongeza 10 za haki zilizoidhinishwa Desemba 1791. Kwa mtazamo wangu wapinzani wale wanastahili kuitwa waasisi kama wengine. Rhode Island iliingia Mei 1790 kwa 34 dhidi ya 32, serikali ikiwa imeshafanya kazi mwaka mzima.

Kuhusu askari, hapa ndipo mimi hukasirika. Waliporudi nyumbani walipewa hati za deni badala ya pesa. Wakiwa na njaa waliziuza kwa walanguzi kwa sehemu ndogo ya thamani yake. Mwaka 1790 Hamilton, waziri wa fedha, akatangaza kwamba serikali italipa hati hizo kwa thamani kamili kwa yeyote anayezishika. Madison akasimama bungeni akitaka askari aliyeuza naye apate sehemu yake. Akashindwa kwa kura 36 dhidi ya 13. Hoja ya Hamilton ilikuwa kwamba ukianza kuchagua nani alipwe, hakuna atakayekukopesha tena, na ni kweli hadhi ya mikopo ya Marekani ilipanda. Lakini faida ilikwenda kwa mlanguzi wa mjini, na aliyeganda kwa baridi Valley Forge hakuambulia kitu.

Mwaka 1818 Kongresi ilipitisha pensheni, ila kwa askari aliyethibitisha kwamba ni maskini. Kuanzia 1820 wazee wale walilazimika kwenda mahakamani na orodha ya mali zao zote, sufuria, viti, ng'ombe mmoja, kila kimoja na bei yake. Pensheni isiyo na sharti la umaskini kwa askari wengi ilikuja 1832. Aliyekuwa na miaka 20 siku ya Yorktown alikuwa na 71.